Namna mizizi inavyofungua zinki iliyofungwa udongoni

Mama wengi katika makanisa yetu wanaijua zinki kwa sura ya kidonge. Mtoto akishikwa na kuhara, muuguzi wa kituo cha afya anampa maji ya kurudisha nguvu, kisha anaongeza vidonge vya zinki vya kunywa kwa siku 10 hadi 14. Shauri hilo lilitolewa na OMS pamoja na UNICEF mwaka 2004: miligramu 20 kwa siku, ao 10 kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi sita. Wengine wanaijua zinki juu ya paa, kwa maana mabati, yale tunayoita manjanja, ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishikwe na kutu upesi. Na ndugu zetu wa Haut-Katanga wanaijua kwa njia nyingine tena. Mgodi wa Kipushi, uliochimbwa tangu 1924 hadi 1993 na kuanza kuzalisha tena mwaka 2024, uko kati ya migodi yenye mawe yaliyojaa zinki kuliko mengine duniani.

Hata hivyo, katika inchi hii yenye Kipushi, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ni kusema ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Zinki si sababu ya pekee. Kuna njaa, kuna malaria, kuna maji machafu, kuna kukimbia vita na kulala porini. Lakini mwili usio na zinki ya kutosha haukui vizuri, vidonda vyake vinachelewa kupona, na kuhara kunarudi mara kwa mara. Jambo hilo lilijulikana kwa kuchelewa sana. Mwaka 1961, daktari Ananda Prasad na wenzake waliandika habari za vijana waliowaona Shiraz, katika Irani: mmoja wao alikuwa na miaka 21 lakini alionekana kama mtoto wa miaka 10. Chakula chao kilikuwa mkate, nyama walipata kidogo sana, tena walikuwa na desturi ya kula udongo. Uchunguzi uliofuata katika Misri, mwaka 1963, ulihakikisha kwamba watu wa namna hiyo walipungukiwa na zinki. (Mama zetu wenye mimba wanaopenda ule udongo unaouzwa sokoni wasikie hapa: udongo tumboni unaweza kushika zinki ya chakula na kutoka nayo.)

Kidonge kinasaidia mtoto aliye mgonjwa leo. Zinki ya kila siku inatoka katika sahani, na ile ya sahani inatoka shambani. Ndiyo maana tumependa kueleza safari yake tangu udongoni hadi katika mbegu, kwa kuwa sehemu kubwa ya safari hiyo iko mikononi mwa mkulima, hata kama hana feza za kununua mbolea.

Tuanze na hesabu. Udongo mwingi duniani una zinki kati ya miligramu 10 na 300 kwa kila kilo. Tuchukue 50 tu. Hektari moja, ukihesabu sentimita 20 za juu zinazoguswa na jembe, ina udongo wa tani karibu 2 500. Hiyo inafanya kilo 125 za zinki. Sasa tuhesabu upande wa mavuno. Punje za mahindi zina zinki ya miligramu karibu 20 kwa kilo. Mkulima anayevuna tani mbili kwa hektari anaondoa gramu 40 tu katika punje zake. Hata kama shamba lake ni maskini, lenye zinki mara tano chini ya hiyo tuliyohesabu, bado kuna kilo 25 mahali ambapo mahindi yanaomba gramu.

Kwa nini basi mmea unalia njaa ya zinki ukiwa umesimama juu ya kilo nyingi hivyo? Kwa sababu karibu yote imefungwa. Zinki inashikamana na chembe za mfinyanzi, na mboji, na ile kutu ya chuma inayofanya udongo wa vilima vyetu kuwa mwekundu. Sehemu nyingine iko ndani ya mawe madogo yasiyooza upesi. Mmea haumezi mawe. Unakunywa kile kilichoyeyuka katika maji ya udongo, na humo zinki ni kidogo kupita kiasi.

Tena kiasi hicho kinategemea uchachu wa udongo. Wataalamu wanaupima kwa hesabu ya pH: 7 ni katikati, chini yake udongo ni mchachu, juu yake udongo unaelekea upande wa majivu na chokaa. Kila mara pH inapopanda kwa hatua moja, zinki iliyo huru katika maji ya udongo inaweza kushuka mara mia. Tunaomba msomaji alishike hilo, kwa maana tutalirudia tutakapofika kwenye majivu.

Neno la pili la kushika ni kwamba zinki haitembei mbali. Nitrojeni inakwenda na maji ya mvua mpaka kwenye mzizi. Zinki inasogea polepole, milimita chache tu, na udongo ukikauka inasogea kidogo zaidi. Kwa hiyo mzizi ukisimama mahali pamoja, unamaliza zinki iliyo pembeni yake na kubaki umezungukwa na utupu mwembamba, huku nusu ya sentimita kutoka hapo chakula kingali kipo. Hapa ndipo kazi ya mizizi inapoanza kuonekana.

Kazi ya kwanza ni kukua. Mzizi unaosonga mbele kila siku unafika kwenye udongo ambao haujaguswa bado. Karibu na ncha yake unaotesha vinyweleo vyembamba sana, ambavyo jicho linaviona kwa shida, na hivyo ndivyo vinavyoongeza sana uso wa kunywa. Mmea wenye mizizi mirefu na vinyweleo vingi unapata zinki mahali ambapo jirani yake mwenye mizizi mifupi anakosa. Kwa hiyo kila kitu kinachofupisha mizizi, kama udongo uliokanyagwa na mifugo hadi ukawa mgumu, ao maji yaliyotuama, kinapunguza zinki katika punje, ingawa zinki yenyewe haikuondoka shambani.

Kazi ya pili ni kubadilisha udongo ulio pembeni. Mzizi si mrija unaongojea maji yaje. Unatoa vitu. Maharagi, soya na karanga, wakati vinapojipatia nitrojeni ya hewa kwa njia ya vile vifundo vya mizizi, vinamwaga uchachu katika udongo unaogusana nao. Uchachu huo unalegeza zinki kidogo, palepale penye mzizi, hata kama shamba lote halikubadilika. Mizizi ya mimea mingi inatoa pia asidi kama ile iliyo katika ndimu. Asidi hiyo inaikamata zinki, inaitoa kwenye mfinyanzi na kuifanya iogelee katika maji.

Jamaa ya majani, yaani mahindi, mtama, mpunga, ngano na shayiri, wana mbinu yao wenyewe. Mwaka 1976 mtaalamu wa Kijapani aitwaye Takagi alieleza kwamba mizizi ya nafaka inatoa vitu maalumu vinavyoshika madini ya chuma na kuyaleta. Kimoja kilipewa jina la asidi ya mugineiki, kutokana na neno la Kijapani la shayiri. Baadaye ilionekana kwamba vitu hivyo vinaleta zinki pia. Mzizi unavituma nje vikiwa vitupu, vinakamata madini, kisha mzizi unavimeza pamoja na mzigo wao. Shayiri inavitoa kwa wingi, hasa katika saa chache baada ya jua kuchomoza. Mahindi na mpunga vinatoa kidogo zaidi, na hilo ni sababu moja inayofanya mahindi yaonyeshe njaa ya zinki mapema kuliko nafaka nyingine.

Huko kaskazini mwa China, penye udongo wa chokaa, wachunguzi waliona kwamba karanga zilizopandwa peke yake ziligeuka njano kwa kukosa madini ya chuma, lakini zile zilizopandwa kando ya mahindi zilibaki kijani, na zinki yake iliongezeka pia. Mizizi ya mahindi ilikuwa inafungua chakula ambacho jirani alikula. Tusichukue matokeo hayo na kuyabandika hapa kwetu bila kufikiri, kwa sababu udongo wa vilima vya Kivu kwa sehemu kubwa ni mchachu, si wa chokaa. Lakini yule mama anayechanganya mahindi na maharagi katika shamba moja, kama mama yake alivyofanya, asiambiwe kwamba analima ovyo. Ameweka pamoja namna mbili za mizizi zenye kazi mbalimbali.

Kazi ya tatu mizizi haiifanyi peke yake. Inaajiri wasaidizi. Ni kuvu wadogo sana, jamaa ya mbali ya uyoga, wanaoingia ndani ya mizizi bila kuiumiza. Mmea unawapa sukari. Wao wanatandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, ambazo zinapita ule utupu tuliousema na kufika sentimita kadhaa mbali, na kurudi na fosforasi na zinki. Ushirika huo unaitwa mikoriza. Mimea karibu yote tunayolima inao, isipokuwa michache kama kabichi na jamaa zake.

Hakuna mmea unaowategemea kuvu hawa kama muhogo. Watu wanafikiri muhogo unavumilia udongo mbaya kwa sababu ni mgumu. Kweli ni kwamba mizizi yake ya kunywa ni michache na minene, yenye vinyweleo vidogo, na bila msaada ungeshindwa. Majaribio yaliyofanywa na kituo cha CIAT katika Kolombia yalionyesha jambo hilo wazi: muhogo uliopandwa katika udongo ulioondolewa kuvu wote ulidumaa, na kuvu waliporudishwa ukasimama. Ndiyo maana pia mihogo michanga inaweza kuonyesha njaa ya zinki katika wiki za kwanza, majani ya juu yakiwa membamba na yenye madoa meupe, kisha ikapona yenyewe. Kuvu walikuwa bado hawajafika. Mahali ambapo zinki ni haba sana haiponi, na hapo mavuno yanapotea. Kuna dawa iliyojaribiwa: kabla ya kupanda, vipande vya miti ya mihogo vinachovywa kwa dakika 15 katika maji yenye sulfati ya zinki, gramu 20 hadi 40 kwa lita. Ni gharama ndogo kuliko kuinyunyiza shamba zima. Lakini yafaa kuifanya tu mahali ambapo dalili zilionekana msimu uliotangulia.

Kuvu hawa wanaishi kwa mizizi iliyo hai. Shamba likikaa tupu muda mrefu, ao likilimwa na kulimwa tena mpaka nyuzi zote zikakatika, wanapungua. Likifunikwa na majani yaliyokatwa, ao likibaki na mmea fulani ulio hai kati ya misimu, wanangojea palepale.

Sasa majivu. Ni swali tunaloulizwa mara nyingi: je, majivu ya jikoni yanafaa shambani? Watu wawili wanaweza kujibu kwa namna mbili na wote wawe na haki. Katika udongo mchachu sana, pH ikiwa chini ya 5 na kidogo, madini ya alumini yanayeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Mizizi inakuwa mifupi na minene kama vidole, nayo mizizi ya hivyo haitafuti zinki wala kitu kingine. Hapo majivu kidogo, yaliyotawanywa vizuri, ao chokaa kidogo, yanaponya mizizi, na mmea unapata zinki zaidi kuliko mbele. Lakini kumbuka zile mara mia. Mama anayemwaga majivu kila asubuhi mahali pamoja nyuma ya jikoni anaipandisha pH ya mahali hapo mpaka inapita 7, na zinki inafungwa kama kwa kufuli. Mahindi yanayoota hapo yanaweza kuwa na mistari myeupe ingawa udongo unaonekana mweusi na mzuri. Sisi tunaona hivi: majivu yatawanywe katika shamba lote, kidogo kidogo, yachanganywe na mbolea ya mifugo ao na majani yaliyooza, na yasilundikwe kamwe.

Kwa habari ya DAP na mbolea nyingine za fosforasi, tusiseme ni mbaya. Mashamba mengi ya Walungu na Kabare hayana fosforasi ya kutosha, na maharagi bila fosforasi hayafanyi kitu. Lakini fosforasi ikizidi, mmea unaacha kuwalisha kuvu wake, kwa sababu hauwahitaji tena, na pamoja nao inapotea zinki waliyokuwa wanaleta. Kiasi kidogo ndani ya shimo la mbegu, pamoja na konzi ya samadi, kinatosha. Samadi yenyewe ina zinki, tena mboji yake inaishika zinki kwa mkono mwepesi, ambao mzizi unaweza kuufungua.

Jambo lingine linahusu vilima vyetu. Zinki inayofikiwa na mizizi iko zaidi katika udongo wa juu, penye mboji, kwa kuwa mimea imeiinua miaka mingi na kuiangusha pamoja na majani. Mmomonyoko ukichukua udongo huo, hesabu yetu ya kilo 125 haina maana tena. Hata kazi njema inaweza kuleta hasara: matuta makubwa yanapochongwa na udongo wa juu ukazikwa chini ya ule mwekundu wa ndani, mazao ya miaka ya kwanza yanaweza kuwa na njaa ya zinki. Yafaa udongo mweusi uondolewe kwanza, uwekwe kando, na urudishwe juu tuta linapomalizika. Inachosha, lakini bila hiyo mtu anapanda juu ya udongo usio na mizizi wala kuvu.

Wengi wamesikia habari za mbegu za maharagi zenye chuma na zinki zaidi, ambazo INERA ya Mulungu na wenzake wamezichagua. Ni mbegu nzuri, na tunawashauri wanaozipata wazitunze. Wajue tu kwamba mbegu haiumbi zinki. Inaichota vizuri zaidi na kuiweka ndani ya punje, kama mizizi yake inaifikia.

Kutoka shambani hadi mwilini kuna kizuizi kingine. Katika maharagi na mahindi, zinki imeshikwa na kitu kinachoitwa fitati, na tumbo la mtu haliwezi kuifungua yote. Kuloweka maharagi usiku mzima na kumwaga maji yake, ao kuchachusha unga wa uji, kunapunguza fitati. Ugali wa muhogo mtupu una zinki kidogo sana. Sombe inao zaidi. Sambaza na ndagala, hata konzi moja ndani ya sombe, zinaleta zinki isiyo na kizuizi hicho. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji miligramu karibu 3 kwa siku, mama mwenye mimba karibu 11.

Na mtu atajuaje kama shamba lake lina njaa ya zinki? Mahindi yanasema mapema, wiki mbili ao tatu baada ya kuota: majani machanga yanakuwa na utepe mpana mweupe ao wa njano hafifu kila upande wa mshipa wa katikati, hasa karibu na shina, na mimea inabaki mifupi. Njaa ya nitrojeni ni tofauti, inaanza kwenye majani ya zamani, na unjano unaingia tangu ncha ya jani. Maharagi yanatoa majani madogo, ya njano katikati ya mishipa.

Mahali ambapo hakuna maabara, jaribio la mistari linatosha. Mtafute agronomu wa karibu ama duka la mbolea lenye sulfati ya zinki. Yeyusheni gramu 5 katika lita moja ya maji, pamoja na gramu mbili na nusu za chokaa ili majani yasiungue, mchuje, kisha mnyunyize jioni juu ya mistari miwili ya mahindi machanga. Mistari miwili inayofuata inyunyizwe maji matupu. Wekeni kijiti penye mpaka, watoto wasiguse ile dawa, na baada ya siku 10 hadi 14 tazameni majani mapya yaliyotoka katikati, si yale ya zamani. Mistari ikifanana, shida ya shamba hilo iko mahali pengine. Ile iliyopata zinki ikiwa kijani kuliko mingine, mtajua pa kuanzia msimu wa Septemba.